Mwanza hadi Guangzhou: ndege inatumia masaa mangapi hasa?

Bondo wa Mwaloni

Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kwa wanaozijua hizi njia, maana huku Kirumba kila ninayemuuliza ana jibu lake.

Mimi ni mtu wa mabondo. Kwa wasiojua, bondo ni ule mfuko wa hewa ulioko tumboni mwa sangara. Tunalitoa, tunalisafisha, tunalikausha, tunayapanga kwa ukubwa, na mengi yanaishia Hong Kong na kusini mwa China. Kule wanayapikia supu, na bei yake ukiisikia unaweza kuidharau minofu. Miaka yote tumekuwa tukimuuzia anayekuja na mzani wake. Safari hii mnunuzi mmoja kanialika Guangzhou nikalione soko kwa macho yangu. Pasipoti ninayo, kadi ya homa ya manjano ninayo, viza naifuatilia. Kilichonishinda ni tiketi.

Wakala hapa mjini kanipa njia tatu. Ya kwanza Mwanza–Dar, halafu Dar–Guangzhou moja kwa moja, jumla kaandika masaa 15. Ya pili inapitia Dar na Addis Ababa, masaa 23. Ya tatu Dar na Doha, masaa 29. Cha ajabu, hiyo ya Doha ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo ya bei ya chini. Shemeji yangu wa Sengerema anasema nisibabaishwe, yeye anajua ni masaa kumi tu. Na kweli, kwenye simu nikiuliza umbali wa Mwanza na Guangzhou naletewa kilomita 9,100 na ushee. Ndege inakwenda kama 900 kwa saa. Nikigawa napata kumi. Hayo mengine yanatoka wapi? Ninapigwa?

La pili. Kwenye karatasi ya hiyo ndege ya moja kwa moja imeandikwa inaondoka Dar 10:20, inafika Guangzhou 02:00 siku inayofuata. Kurudi inaondoka 04:30, inafika Dar 11:00. Yaani kwenda masaa 15 na dakika 40, kurudi sita na nusu? Ndege ileile, njia ileile?

Kijiwe Igoma

Mkuu kurudi ni mteremko 😂 Ukifika niletee simu, mengine waachie wataalamu.

Ticha wa Nyakato

Bondo, shemeji yako na wakala wote wako sahihi, ila kila mmoja anahesabu kitu chake.

Tuanze na umbali. Mwanza iko digrii 2.5 kusini ya ikweta, longitudo 33 mashariki. Guangzhou iko digrii 23 na kidogo kaskazini, longitudo 113 mashariki. Waliopita Form Four wanakumbuka ile mada ya dunia kama tufe, ambayo wengi waliiruka kwenye mtihani. Njia fupi kuliko zote juu ya tufe ni ile inayofuata duara kubwa, yaani duara ambalo kitovu chake ni kitovu cha dunia. Ukipiga hesabu, pembe kati ya miji hii miwili ni kama digrii 82. Kila digrii moja ya duara kubwa ni kilomita 111. Zidisha, unapata 9,102. Simu yako haijakudanganya. Ukitaka kupata picha ya ukubwa wake, robo ya mzingo wa dunia ni kilomita 10,000, kwa hiyo wewe unakwenda karibu robo ya dunia.

Usichukue rula ukaiweka kwenye ramani ya ukutani, itakupeleka pengine. Mstari wenyewe unatoka Mwanza, unapita juu ya Serengeti, unaiacha Nairobi kidogo tu upande wa kulia, unakata Somalia, Bahari ya Arabu, unaingia India maeneo ya Goa, unavuka Ghuba ya Bengal, halafu Myanmar, unagusa kaskazini mwa Laos na Vietnam, halafu China.

Shida ni kwamba hakuna ndege ya Mwanza–Guangzhou. Kwa hiyo tuhesabu njia zako kipande kwa kipande, kwa makadirio:

Moja kwa moja kutoka Dar: 850 + 8,700 = 9,550.
Kupitia Addis: 850 + 1,760 + 8,040 = 10,650.
Kupitia Doha: 850 + 3,820 + 6,200 = 10,870.

Tazama hizo mbili za chini. Doha inaizidi Addis kwa kilomita 220, ambazo ndege inazimaliza kwa robo saa. Lakini wakala kakuandikia tofauti ya masaa sita. Hayo masaa sita hayako angani hata kidogo. Yako kwenye viti vya uwanja wa ndege.

Sasa hilo la kwenda 15 na kurudi sita. Saa za kwenye tiketi ni za mji husika. China nzima, pamoja na upana wake wote, inatumia saa moja, ya Beijing, na iko mbele yetu kwa masaa matano. Kwenda: 15:40 toa 5, inabaki 10:40. Kurudi: 6:30 jumlisha 5, unapata 11:30. Umeona? Kwa saa ya ukutani kurudi ni kufupi, lakini angani kurudi ndiko kurefu, kwa dakika 50. Sababu ni upepo. Huko juu, kilomita 10 hadi 12, kwenye latitudo za kaskazini mwa India na China, kuna mkondo wa upepo unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa baridi yao, Desemba hadi Februari, unaweza kupita kilomita 200 kwa saa. Ukienda unakusukuma, ukirudi unakukinga kifua. Katikati ya mwaka unalegea na kusogea kaskazini, tofauti inapungua.

Safari Nyegezi

Mnamchosha kijana na tufe. Bondo, panda basi Nyegezi alfajiri, Shinyanga, Singida, Dodoma, Moro, usiku uko Dar. Nauli unayookoa unanunua chakula cha wiki nzima huko kwa Wachina.

Ticha wa Nyakato

Mkuu, kilomita 1,100 na zaidi kwa barabara. Basi lako litatumia muda mrefu kuliko ndege inayotoka Dar mpaka Guangzhou, kilomita 8,700. Akifika hapo miguu imevimba, ndiyo kwanza anaianza safari.

Mama Vitasa

Mwanangu Bondo, kwenye hesabu sina la kuongeza, mwalimu kamaliza. Mimi nauza vitasa, bawaba na makufuli hapa mjini na mzigo nautoa Foshan, mji ulioshikana na Guangzhou. Hizo njia tatu zote nimezipita, na ya nne ya Nairobi. Wewe unatazama jumla ya masaa. Mimi natazama vitu viwili tu: nitakaa chini masaa mangapi, na nitafika saa ngapi.

Tuchukue hiyo ya 15. Kwa ratiba uliyoandika, utakuwa umewekewa ndege ya Mwanza ya 06:00, yaani saa 12 asubuhi. Dar unatua saa 1 na nusu. Ya China inaruka saa 4 na dakika 20. Hapo una masaa matatu kasoro dakika kumi, unasema yanatosha. Toa saa nzima, maana kaunta za safari za nje zinafungwa mapema. Yamebaki mawili kasoro. Kama tiketi zako ni mbili tofauti, unasimama kwenye mkanda kusubiri begi, unalikokota hadi jengo la tatu, unapanga foleni nyuma ya watu wenye mabegi makubwa kuliko wao. Halafu ile ya Mwanza ichelewe saa moja na nusu, jambo ambalo halijawahi kumshangaza mtu wa hapa. Ya China haikusubiri, na haiendi kila siku. Umebaki Dar na mabegi.

Kwa hiyo mimi naondoka Mwanza jana yake mchana. Nalala kwa mdogo wangu Tabata, asubuhi saa 12 niko njiani kabla foleni haijakaza. Ukiniambia basi masaa 15 yamekuwa kama 30, ni kweli, na bado naiona ndiyo njia ya kumfikisha mtu akiwa mzima.

Muulize wakala swali hili kabla hujatoa hata senti: tiketi ni moja mpaka mwisho au ni mbili? Ikiwa moja, ndege ya kwanza ikichelewa ni jukumu lao kukutafutia nyingine. Zikiwa mbili, yule wa pili anakuhesabu tu kwamba hukutokea. Na siku ya safari, pale Mwanza, wakikubandikia karatasi kwenye begi isome kabla halijaondoka kwenye mkanda. Herufi za mwisho ziwe CAN, hiyo ndiyo Guangzhou. Ukiona imeishia DAR, begi utalichukua Dar mwenyewe. Watu wanakaa na chai Dar wakiamini begi limetangulia, kumbe linazunguka kwenye mkanda wa safari za ndani peke yake.

Kufika nako. 02:00 ni saa nane usiku. Mwili wako unajua ni saa tatu usiku ya Kirumba, usingizi hauna habari. Uhamiaji watakuchukua alama za vidole, utajaza fomu, begi, unatoka nje ni saa tisa, tisa na nusu. Treni ya chini ya ardhi imelala mpaka alfajiri. Mjini ni kilomita kama 30. Teksi zipo, ila ukiingia hoteli za mtaa wa Xiaobei saa kumi alfajiri wanakutoza usiku mzima kwa kulala masaa mawili. Mimi hukaa palepale ukumbini, nanawa uso, treni ya kwanza inapoanza nashuka nayo. Mwambie mwenyeji wako asikupangie kikao asubuhi hiyo. Wachina wa biashara watakupangia, wao wameshalala.

Sasa Doha. Njia zote mbili za kuunganisha, masaa ya angani hayapishani sana, ni 14 hadi 15. Hiyo yako ya 29 ina maana utakaa chini kama masaa 14, sehemu kubwa Doha. Ndiyo maana ni bei rahisi. Nauli haifuati kilomita hata siku moja. Wanajua kukaa usiku kucha kwenye kiti chenye vishikio vya chuma hakuna anayekutaka, basi wanashusha bei. Mtu wa miaka 25 atalala chini kwenye kapeti amejifunika kanga, akiamka yuko sawa. Mimi mgongo wangu umeshakataa. Addis kukaa ni kufupi, ila ratiba ikibana na ndege ya kwanza ikachelewa, unakimbia kweli.

Na hapa ndipo watu wanapoumia, naomba unisome vizuri. Ndege za kuunganisha nyingi zinaruka usiku wa manane. Ukiona imeandikwa 00:55 tarehe 14, hiyo ni saa sita na dakika 55 usiku wa kuamkia tarehe 14. Uwanjani unatakiwa tarehe 13, saa tatu usiku. Jirani yangu wa duka, mtu makini, mwenye daftari la kila senti, alifika uwanjani Dar tarehe 14 saa nne usiku na mabegi yake, mkewe na watoto wamekuja kumsindikiza, wamepiga na picha. Ndege yake ilikuwa imeondoka karibu siku nzima nyuma. Alama nyingine ndogo ni +1 pembeni ya saa ya kufika. Maana yake unafika kesho yake. Mwenyeji wako asipoiona atakwenda kukupokea siku ambayo wewe bado uko Mwanza unafunga begi.

La mwisho kwa leo, usibebe mabondo kwenye begi eti sampuli. Mazao ya samaki yana vibali vyake vya kutoka huku na vyake vya kuingia kule. Beba picha na vipimo, sampuli ipite njia yake.

Bondo wa Mwaloni

Shikamoo mama. Nimesoma mara mbili. Kumbe wakala hana kosa, nilitaka kumkunja shati.

Nimemuuliza hilo la tiketi moja au mbili, kajibu "ni moja tu usijali", lakini nilipomwambia anionyeshe namba ya kuhifadhi nafasi, zilikuwa mbili. Tumeanza upya.

Nina swali lingine. Mwalimu kasema mstari unapita karibu kabisa na Nairobi. Kwa nini nisiende Nairobi? Ndege ya Guangzhou si wanayo?

Mama Vitasa

Marahaba mwanangu. Wanayo. Kwenye ramani hiyo ndiyo njia nyoofu kuliko zote, mwalimu akupe kilomita. Kwa mtu wa Tarime au Musoma ningemwambia nenda bila kufikiri. Wewe wa Kirumba uwanja wa ndege ni pua na mdomo, ukiuacha uende Nairobi kwa barabara, ni basi la usiku mpaka Sirari, mnashuka kugonga mihuri, mnavuka, mnapanda, Kisii, Narok, unaingia Nairobi na vumbi. Halafu foleni ya Nairobi mpaka uwanjani, hiyo hata mwalimu hana fomula yake. Niliipita mara moja kwa sababu nauli ilikuwa imeshuka sana. Kwenda sikuijutia. Kurudi nikiwa na mabegi ya sampuli za makufuli, chuma tupu, kila kituo naulizwa nimebeba nini, hapo nilisema basi.

Ticha wa Nyakato

Mwanza–Nairobi kwa mstari ni 460, Nairobi–Guangzhou 8,680, jumla 9,140. Ukilinganisha na 9,100 na ushee za moja kwa moja, unazidisha kilomita zinazohesabika kwa vidole. Kwa hesabu tupu Nairobi inashinda. Lakini hizo 460 mama anazungumzia za barabarani, ambazo ni nyingi zaidi na zina mpaka katikati.

Mtu wa Ukara

Samahani mnisaidie na mimi humohumo. Sisi wa visiwani tuhesabu vipi? Kivuko, Nansio, meli au kivuko tena mpaka Mwanza, ndipo uanze hayo masaa 15.

Kijiwe Igoma

Mkuu wewe hesabu kwa wiki 😂

Mama Vitasa

Mtu wa Ukara, njoo Mwanza jana yake tu, ziwa likichafuka hakuna wa kumlalamikia. Ukifanya hivyo ratiba yako ni sawa na ya Bondo.

Bondo, nguo. Ukienda mwezi wa kwanza usidanganywe kwamba kusini mwa China ni joto. Si baridi ya theluji, lakini ni baridi yenye unyevu na hoteli nyingi za bei yetu hazina cha kupashia joto. Sweta moja zito weka kwenye begi la mkononi, ndani ya ndege nako wanapuliza baridi kama wanahifadhi minofu. Na angalia kalenda yao kabla hujakata tiketi. Mwaka Mpya wa Kichina unaangukia kati ya Januari 21 na Februari 20, viwanda vinafungwa, wafanyakazi wanarudi kwao, unaweza kutembea mtaa mzima milango imeshushwa. Maonyesho makubwa ya biashara ya Guangzhou yako mara mbili kwa mwaka, Aprili kuingia Mei na Oktoba kuingia Novemba. Kipindi hicho hoteli zinapanda bei na ndege zinajaa. Kwa vitasa inanilipa kwenda wakati huo. Kwa mabondo sidhani, wanunuzi wako hawako kwenye yale mabanda, wako kwenye maduka yao ya vyakula vikavu mwaka mzima.

Bondo wa Mwaloni

Basi nimeamua ya moja kwa moja, tiketi moja mpaka mwisho, na Dar nalala. Machi. Wakala kasema bei imepanda kidogo kuliko ile ya kwanza, nimekubali. Na mnunuzi kaniambia baada ya Guangzhou anipeleke mji wa Yiwu nikanunue vifungashio. Hiyo nayo ni ndege nyingine?

Mama Vitasa

Yiwu usipande ndege. Kutoka Guangzhou kwa mstari ni kilomita kama 940, Mwanza–Dar na kidogo juu. Treni ya mwendokasi ipo, unaondoka asubuhi unafika siku hiyohiyo, na stesheni unaingia na pasipoti yako tu, tiketi imeshasajiliwa kwa namba yake. Mwambie mnunuzi akukatie mapema, Ijumaa na Jumapili zinajaa. Kwa mabegi usiwe na wasiwasi, kwa kawaida hayapimwi kama kwenye ndege, ila unayapandisha na kuyashusha mwenyewe.